Maneno ya Hofu ya Paka: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Hivi karibuni kimetufikia kijikaratasi cha kurasa nne, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watu wanaofuga paka mijini. Kinaeleza mambo yanayompata paka anapopelekwa kwa daktari, tangu anapotiwa ndani ya chombo cha kumbebea hadi anaporudishwa nyumbani, na kinamshauri mwenye paka afanye nini ili safari hiyo isiwe balaa kwa pande zote. Waliokitoa hatutawataja, kwani makosa tunayokusudia kuyajadili si yao peke yao. Yamo katika tafsiri nyingi zihusuzo tiba ya wanyama, na mengine yamo vinywani mwetu sote. Tafsiri yenyewe, tuseme mapema, si mbaya. Sarufi yake ni safi, sentensi zake zasomeka bila taabu, na mfasiri hakuona haya kuandika "mkojo" palipo na mkojo. Kasoro yake iko mahali pamoja, lakini mahali hapo ndipo penye kiini cha jambo: paka anapotenda tendo, tafsiri hulitaja kama tabia yake.

Wapo watakaouliza kwa nini jarida la istilahi litumie kurasa zake kwa paka, hali bado tuna deni kubwa la maneno ya sheria, ya benki na ya uhandisi. Jibu letu ni fupi. Mgonjwa wa kibinadamu aweza kumsahihisha daktari aliyeandika neno lisilofaa, paka hawezi. Yote ayajuayo daktari juu ya paka hutoka katika njia mbili tu, yaani macho na mikono yake mwenyewe, na maneno ya aliyemleta. Maneno yakipotoka, njia moja kati ya hizo mbili imezibwa. Isitoshe, neno likishaingia katika jalada la mgonjwa halitoki kwa urahisi. Paka aliyeandikwa "mkali" leo, mwakani daktari mwingine atavaa glavu nene kabla hata hajamwona, na paka akiona zile glavu atafanya yaleyale yaliyomtia jina.

Tuanze basi na neno hilo. Kijikaratasi chawagawa paka mafungu matatu: "paka mkali", "paka mchokozi" na "paka mtulivu". Nyuma ya mafungu haya kuna Kiingereza cha miongozo inayotumiwa sasa na madaktari wengi, hasa ule uliotolewa mwaka 2011 na chama cha madaktari wa paka cha Marekani pamoja na kile cha kimataifa, na ule uliofuata mwaka 2022. Mwongozo wa pili hauwagawi paka wenyewe kwa mafungu. Unagawa njia ambazo kwazo mnyama mwenye hofu hujikinga, nazo ni nne: aweza kukimbia, aweza kunyamaa asitikisike, aweza kujaribu kumtuliza au kumchunguza anayemtisha, na mwisho, njia nyingine zikishindikana, aweza kumfukuza kwa meno na kucha. Paka yuleyule aweza kuzipitia zote katika muda wa robo saa. Mfasiri wetu amezitwaa njia hizi akazifanya kuwa aina za paka, kama kwamba mmoja alizaliwa mkali na mwenziwe alizaliwa mtulivu.

Neno "mchokozi" ndilo lililotuudhi zaidi. Mchokozi katika Kiswahili, cha pwani na cha bara, ni yule anayeanza. Watoto wawili wakipigana, swali la kwanza la mtu mzima ni nani aliyemchokoza mwenzake, na hukumu yote hutegemea jibu la swali hilo. Sasa tumtazame paka tunayemzungumzia. Alikuwa amelala uvunguni mwa kiti. Akaja mtu akamvuta, akamsukumia ndani ya kikapu, akampakia katika bajaji iliyonguruma njia nzima, akamweka sakafuni katika chumba chenye mbwa watatu, kisha akamkabidhi kwa mtu asiyemjua, mwenye mikono inayonuka spiriti, juu ya meza ya bati lenye baridi. Paka akainua kucha. Mwenye kuijua lugha yake aseme mwenyewe nani amechokoza hapa. Kiingereza kina neno moja linalofunika shambulio lolote, liwe la kuanza au la kujihami, na kamusi zetu zimezoea kulifasiri kwa "uchokozi". Kwa mambo ya vita na mataifa huenda likafaa, maana huko anayeshtakiwa ni yule aliyevuka mpaka. Kwa paka aliye juu ya meza, Kiswahili kinacho "kujihami", neno la siku nyingi na lenye maana hasa inayotakiwa.

Ama kuhusu "mkali", tatizo lake ni la namna nyingine. Twasema kisu kikali, jua kali, dawa kali, mwalimu mkali. Katika mifano yote hii ukali ni sifa iliyotulia ndani ya kitu. Kisu hakiwi kikali saa nne kikawa butu saa tano. Kuhusu mbwa, ukali ni sifa njema tena yenye mshahara, na vibao vya "Mbwa Mkali" malangoni pa nyumba za mijini vyashuhudia. Paka akipewa sifa hiyo huwa amehukumiwa kwa jumla. Lakini mwenye paka atakuambia kwamba nyumbani paka huyu hulala mapajani mwa watoto, na atasema kweli. Asemayo yeye na yaliyoandikwa na daktari hayapingani ila kwa sababu ya neno.

Hapa sarufi yetu wenyewe ingetusaidia kama tungeiachia nafasi. Kiingereza hupenda kivumishi mbele ya jina. Kiswahili, mambo yanapokuwa ya hali na si ya maumbile, hupendelea kitenzi chenye "-me-": amesimama, amelala, amechoka, ameshiba, amekasirika. Hali iliyoelezwa kwa "-me-" ina mwanzo, na kwa hiyo yaweza kuwa na mwisho. "Paka mwoga" ni paka wa namna fulani, leo na kesho. "Paka aliyeogopa" ni paka yeyote aliyepatwa na jambo la kumwogofya, na msomaji hujiuliza mara moja ni jambo gani hilo. Swali hilo ndilo daktari anataka mwenye paka ajiulize. Tungependa kuona, basi, katika kijikaratasi hiki na katika kadi za hospitali, vitenzi vikichukua nafasi ya vivumishi kila inapowezekana: si "mkali" bali "alikwaruza aliposhikwa tumbo", si "mbishi" bali "alifurukuta alipofungwa taulo". Maneno yanaongezeka, ni kweli. Lakini anayesoma mwakani atajua kwamba tumbo ndilo lililouma.

Fungu la tatu, "paka mtulivu", laonekana halina madhara, na kwa sababu hiyo ndilo lenye hatari zaidi. Utulivu ni hali ya moyo. Mtu mtulivu ni yule ambaye nafsi yake haina misukosuko. Bahari tulivu haina mawimbi. Paka ambaye Kiingereza cha kijikaratasi kinamweleza hana utulivu wowote. Amekaa chini ya miguu yake aliyoikunja, mkia umeubana mwili, kichwa kimeshuka chini ya mabega, masikio yamelala kando, mboni zimetanuka hata rangi ya macho haionekani. Hatikisiki. Mwenye paka, akiwa amesoma fungu la "mtulivu", hufurahi na kusema paka wake hana taabu, naye daktari mwenye haraka huendelea na sindano. Huyu ni mnyama aliyeogopa kupita yule anayekwaruza, au kwa uchache sawa naye, ila njia yake ya kujikinga ni kutojionyesha.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa hali hii. Kina utajiri hata kuchagua ni kazi. Twaweza kusema ameduwaa, lakini kuduwaa ni kwa mtu aliyeshangazwa, na mwili wa anayeduwaa huachia, hujisahau, mdomo wazi. Twaweza kusema amenywea, neno zuri sana kwa mtu aliyekaripiwa mbele za watu akapungua, ila kunywea kuko karibu na aibu kuliko hofu. Kuganda ni kwa mafuta na damu, na siku hizi vijana hulitumia kwa yeyote asiyeondoka mahali. Limekuwa la mzaha mno. Kujibanza ni kujificha penye kitu, ukutani au nyuma ya mlango, na paka aliye juu ya meza tupu hana pa kujibanza. Latubakia "kujikunyata". Anajikunyata maskini penye baridi, anajikunyata mtoto anayengoja kipigo. Neno lataja umbo la mwili, lataja kwamba umbo hilo limetokana na shida, na halisemi lolote juu ya tabia ya mwenye mwili. Hatuoni kwa nini mfasiri aliliacha. "Paka aliyejikunyata" liwe fungu la tatu, na mbele yake, kwa ajili ya kutofautisha, liwekwe "paka aliyejilaza", yaani yule ambaye miguu yake imelegea na ubavu umegusa chini. Watu huwaona wote wawili kila siku vibarazani. Wanahitaji tu kukumbushwa kwamba wanawaona.

Umbo la mwili wa paka si jambo lililogunduliwa jana. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alimweleza paka aliyetishwa na mbwa, akiwa amesimama kwa urefu wake wote, mgongo umepinda na manyoya yamesimama, akamtia pia picha. Tunamtaja kwa sababu moja tu. Darwin alitaja kwanza mgongo, mkia, masikio na manyoya, kisha ndipo akasema hisia gani. Mpango huo ungemfaa sana mfasiri.

Tukija kwenye sauti, kijikaratasi chatuingiza katika msitu. Paka analo jina la mlio wake wa kawaida, "nyau", ambalo limekuwa pia jina lake mwenyewe. Baada ya hapo kila mtu hutumia lake. Ile sauti nyororo ya kooni, inayoendelea paka akivuta pumzi na akitoa, mfasiri ameiita "sauti ya kuridhika". Amefuata wengi. Lakini kijikaratasi hichohicho, aya tatu mbele, kinataka kumwambia msomaji kwamba paka huitoa sauti hiyo hata akiwa na maumivu au hofu, na kwamba wengine huitoa wakiwa mahututi. Matokeo ni sentensi inayosema kuwa paka asiyeridhika aweza kutoa sauti ya kuridhika. Mfasiri hakuona, au aliona akanyamaza.

Hapa tuna mfano safi wa istilahi inayobeba hukumu ndani yake. Jina likishasema sababu ya kitu, haliwezi tena kutumika pale sababu inapobadilika. Sisi twapendekeza "kukoroma". Watabisha wengine kwamba kukoroma ni kwa mtu aliyelala. Ni kweli, na ni kweli vile vile kwamba mgonjwa anayekaribia kukata roho hukoroma. Aliyelala salama na anayekufa, wote wawili wanakoroma, na hakuna Mswahili aliyewahi kuchanganyikiwa kwa hilo, kwa maana neno lataja sauti tu. Sifa hiyo ndiyo tuitakayo kwa paka. "Paka anakoroma" ni habari. Anakoroma kwa nini, hilo ni swali, na daktari atalijibu kwa kutazama mengine.

"Kunguruma" tuliache kwa simba, radi na injini. Kwa paka anayetoa sauti nzito ya kutisha, mdomo umefumbwa, "kuguna" latosha. Imebaki ile pumzi ya ghafla anayoitoa paka kwa meno wazi, kama ya nyoka. Mfasiri ameandika "kufoka". Anayefoka amekasirika, anagomba, mate yanamtoka; twarudi tena kwenye paka mchokozi. Sauti hii ni onyo la mwenye hofu, na kusudi lake ni kuzuia ugomvi. "Kupuliza" lingefaa kwa kuwa lataja pumzi na basi, ila kuna kikwazo cha kuchekesha: katika misemo yetu anayepuliza ni panya, yule ang'ataye na kupuliza ili mtu asiamke. Kumpa paka kitenzi cha panya huenda kukawaudhi wapenzi wa paka. Sisi hatuoni ubaya. Panya hupuliza polepole baada ya kung'ata, paka hupuliza kwa nguvu ili asilazimike kung'ata, mazingira yatatofautisha.

Sasa tufike penye neno lililo kubwa kuliko yote katika tafsiri hii, ambalo limeandikwa mara kumi na moja katika kurasa nne. Ni "msongo wa mawazo". Paka, twaambiwa, akiingia katika gari hupata msongo wa mawazo. Akisikia mbwa, msongo wa mawazo huongezeka. Istilahi hii ilipata watu kwa sababu ya wanadamu wa mijini wenye madeni na kesi, na kwao inafaa, kwa kuwa mawazo yao kweli yamesongamana. Paka aliyemo ndani ya kikapu hawazi madeni. Yanayompata ni ya mwili kwanza: moyo hukimbia, mboni hutanuka, nyayo hutoa jasho, pengine udenda humtoka au hutapika kwa mwendo wa gari, na akizidiwa hutweta mdomo wazi kama mbwa. Hili la mwisho si la kupuuzwa, maana paka hatweti kwa kawaida. Akitweta, ama amezidiwa na hofu au joto, ama ana ugonjwa wa moyo au mapafu, na daktari aambiwe mara moja. Tena "kutweta" ni neno ambalo vijana wanalisahau. Tafsiri imeandika "kupumua kwa haraka", ambayo ni kitu kingine, kwani paka aweza kupumua kwa haraka akiwa amefumba mdomo.

Kwa hali nzima hiyo twaona "taharuki" ndilo neno. Lina mshtuko ndani yake, lina mwendo, lahusu viumbe vyote hata mji mzima, na latoa kitenzi bila shida: paka ametaharuki. "Fadhaa" nalo lafaa, ila laelekea zaidi upande wa moyo. Wako wanaotumia "mfadhaiko", hatuwapingi.

Jambo hili halihusu uzuri wa lugha peke yake, na hapa tungeomba watumishi wa idara za mifugo watusikilize. Taharuki hubadili vipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima paka 30 wenye afya, nyumbani kwao na tena hospitalini, na shinikizo la damu na mapigo ya moyo hayakuwa sawa mahali pawili. Mwaka 2002 ulichapishwa mwingine ambao paka wazima waliogeshwa kwa maji ya kunyunyiza kwa dakika 5. Sukari katika damu ilipanda, na kupanda huko kulifungamana na kufurukuta kwao. Yaani paka asiye na ugonjwa wowote aweza kutoa kipimo cha mgonjwa kwa sababu ya safari na kushikwa. Madaktari walijua hili zamani, ndiyo maana hupima pia fraktosamini, ambayo huonyesha hali ya sukari ya siku kadhaa zilizopita wala haibadiliki kwa mshtuko wa saa moja.

Sasa fikiri mtu anayepokea habari hiyo kwa Kiswahili. Katika usemi wetu wa kila siku "sukari" na "presha" yamekuwa majina ya maradhi. Ukisema "fulani ana sukari" hukusema kwamba damu yake ina sukari, maana ya kila mtu inayo. Umesema ni mgonjwa wa kisukari. Kijikaratasi kimeandika kwamba paka akiogopa "huweza kuwa na sukari na presha". Mwenye paka asomaye hivyo ataondoka akiamini kwamba hofu ya nusu saa imemtia paka wake maradhi mawili ya kudumu, au, kinyume chake, akiambiwa siku nyingine kwamba paka ana kisukari kwelikweli, atasema ni hofu tu na kuacha sindano za insulini. Njia zote mbili zamdhuru mnyama. Kosa hili halihitaji istilahi mpya. Lahitaji kitenzi: "sukari katika damu yake hupanda kwa muda". Kupanda kwaahidi kushuka. "Kuwa na" hakuahidi.

Mengine tutayapitia upesi. Chombo cha kumbebea paka kimeitwa "kizimba". Kizimba ni cha simba wa maonyesho, na ndicho asimamamo mshtakiwa mahakamani. Paka amekwisha hukumiwa mara mbili katika kijikaratasi hiki, ya tatu imezidi. "Tundu" ni la kuku na ndege, na wengi wakilisikia hufikiri shimo. Wengi wetu huwabeba paka ndani ya tenga, na wengine, Mungu awasamehe, ndani ya gunia. Kinachopendekezwa na madaktari ni chombo kigumu ambacho sehemu yake ya juu hufunguliwa, ili paka apimwe akiwa amekaa ndani ya nusu ya chini bila kuvutwa kwa miguu. Chombo kigumu chenye kifuniko kwa Kiswahili ni kasha. Tuseme "kasha la paka" tumalize.

Kasha hilo, msomaji ashauriwa, likae wazi nyumbani siku kadhaa kabla ya safari, likiwa na "kitambaa kinachofahamika". Kinafahamika na nani? Kiingereza kilimaanisha kitambaa chenye harufu aliyoizoea paka. Mfasiri angeandika "kanga kuukuu anayoilalia" na kila nyumba ingejua itafute nini. Kadhalika, "mpe paka zawadi akiingia mwenyewe" lafanya tufikirie karatasi ya kufungia na utepe. Vidagaa viwili vitatu vingetosha, katika lugha na katika kasha.

Juu ya kumshika paka, tafsiri imetumia "kudhibiti" mfululizo. Polisi hudhibiti ghasia. Mwongozo wa 2022 umesema waziwazi kwamba paka asishikwe ukosi, ingawa wengi tumezoea kuona akibebwa hivyo kwa kuwa mama yake alimbeba hivyo alipokuwa mdogo; badala yake afunikwe taulo, aachwe afiche kichwa, na apimwe sehemu moja moja. Mfasiri ameandika "mdhibiti kwa taulo". Lugha yetu ina neno la kumfunika kiumbe ili asionekane katika unyonge wake, neno lenye heshima kuliko lolote tulilolitaja: "kusitiri". Msitiri kwa taulo. Twaamini mtu aliyeagizwa kusitiri mikono yake haitakuwa sawa na ya aliyeagizwa kudhibiti. Tena paka akirudi nyumbani akiwa na harufu ya hospitali, paka mwenzake aweza kumpulizia na kumfukuza. Kijikaratasi kimesema "humsahau mwenzake". Hakumsahau. Amemkana, kwa kuwa pua yake imemwambia ni mgeni.

Neno "mmiliki wa paka" hatuna nguvu ya kulijadili. "Mwenye paka" lipo.

Tumeliacha mwisho jambo la jina la daktari na la ugonjwa mmoja, kwa kuwa haya mfasiri hakuyaumba, aliyakuta. "Daktari wa mifugo" ni jina lililoenea Tanzania na Kenya, nalo lilifaa wakati ambapo kazi yake ilikuwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na neno "veterinari" limeingia katika majina ya mabaraza. Hata hivyo, wananchi wengi humwita daktari wa mifugo, na wengi wao hawamhesabu paka kuwa mfugo, ingawa kitenzi ni kilekile "kufuga". Mfugo katika akili ya watu ni kitu chenye maziwa, mayai au bei mnadani. Kwa hiyo mwenye paka mgonjwa huona haya kwenda kwa daktari wa mifugo, kama aliyepanda daladala isiyo yake. "Daktari wa wanyama" laondoa haya hiyo bila gharama, na twaliunga mkono katika maandishi ya namna hii, sheria zikiendelea na lake.

La ugonjwa ni zito zaidi. Katika ukurasa wa pili tafsiri yasema kwamba paka aliyeshikwa kwa nguvu huweza kuwa "kama mwenye kichaa". Katika ukurasa wa tatu, penye habari za chanjo, yasema paka achanjwe "kichaa cha mbwa". Mtu wa kawaida akiyaunganisha maneno haya mawili atapata mambo mawili ya uongo: kwamba paka anayekwaruza kwa hofu huenda ana ugonjwa ule, au kwamba ugonjwa ule, kwa kuwa ni wa mbwa, haumhusu paka na chanjo ni njia ya kumtoza pesa. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo huwapata wanyama wote wanyonyeshao. Paka huupata na humwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumkwaruza. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu wote hufa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kuchanjwa. Paka aliyeogopa hurudi katika hali yake akifika nyumbani na kupata pa kujificha. Paka mwenye ugonjwa huo harudi, na tabia yake ilikwisha badilika kabla ya safari kuanza. Tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa neno "kichaa" likitumika pande zote mbili, kwa hiyo la ukurasa wa pili lifutwe na liandikwe "aliyetaharuki".

Jina "kichaa cha mbwa" lenyewe haliondoki kwa sababu ya makala moja. Limo katika mabango ya wizara, katika vitabu vya shule na katika matangazo ya kila tarehe 28 Septemba, na huenda isiwe busara kulibadili hali watu wamelizoea na kuliogopa ipasavyo. Lakini mfasiri aweza kuliandika kisha akaongeza maneno matatu: humpata paka pia. Katika kijikaratasi hiki nafasi ya maneno hayo ipo, ukurasa wa tatu, chini ya picha ya sindano.